Mkanda Mzuri, Sakafu Mbovu: Somo Nililolipata Gereji Sumbawanga

Juu ya meza yangu bwenini kuna bolti moja. Naiweka karibu na kikokotoo, na wenzangu wa chumbani wameshazoea kuniuliza kwa nini siitupi. Bolti yenyewe haina kosa lolote. Haijapinda, meno yake ni mazima, na nati yake bado imebana washa mbili kama siku ilipofungwa. Kasoro ni moja tu: ilitakiwa iwe imeshikilia sakafu ya gari, na sasa imeshikilia hewa. Ilichomoka na washa zake, ikapasua bati la sakafu kama msumari unavyopasua karatasi. Aliyeifunga ni mimi.

Naandika makala haya kwa wenzangu wa uhandisi, lakini hata wewe wa sheria au ualimu usifunue ukurasa haraka. Kila anayepanda gari anakalia siti ambayo mkanda wake ulifungwa na mtu fulani. Ni vizuri kujua mtu huyo alitakiwa kufanya nini.

Ilikuwaje

Mafunzo yangu ya vitendo, yale tunayoyaita fildi, niliyafanya nyumbani Sumbawanga, kwenye gereji moja ya mjini. Ilikuwa Julai. Aliyewahi kukaa Ufipa anaijua baridi ya Julai: mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi spana inauma vidole kama barafu.

Mteja wetu alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi. Pamoja na Fuso zake mbili alikuwa na Datsun 1200 ya mwaka 1972, kupe ya milango miwili, aliyoinunua Kenya enzi za ujana wake. Gari hilo alilipenda kuliko chochote. Alikuwa na sababu. Watu wa rika lake walikua wakisikia redioni habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 na 1973 ushindi ulichukuliwa na Datsun 240Z. Wa 1973 aliuendesha Shekhar Mehta, ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kwa mzee wetu, jina Datsun lilikuwa ni sehemu ya ujana wake.

Mwanaye aliyeko Dubai alimtumia zawadi: mkanda wa mashindano wa pointi nne, mwekundu, mpya. Mkanda wa namna hii una sehemu mbili za mabegani na mbili za kiunoni, zote zinakutana kwenye kifungo kimoja tumboni. Mzee alitaka ufungwe upande wa dereva kabla ya Jumamosi, maana alikuwa anakwenda harusini Muze, bondeni Rukwa. Njia hiyo inateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kutoka uwandani hadi bonde la ziwa lililo takriban mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Ni mteremko wa kuheshimu.

Fundi mkuu aliitazama sakafu ya lile gari, akagonga kwa kipini cha bisibisi, akasema, "Hapa kunahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Aniachie wiki." Mzee akasema hana wiki. Fundi akaondoka kwenda Laela kuokoa basi lililokwama. Nikabaki mimi, mwaka wa tatu, na video moja kwenye simu.

Na mimi niliigonga ile sakafu. Bati zima linalia ngaa. Lile lilijibu kwa sauti nzito, kama ukigonga gunia. Nilisikia. Lakini mzee alikuwa amesimama mlangoni akisema, "Vipi injinia, itashika?" Kuitwa injinia ni tamu. Nikajibu, "Itashika, mzee."

Nikatoboa mashimo nyuma ya siti, nikafunga mikanda ya mabegani sakafuni, washa mbili kila bolti, nikakaza hadi mkono ukauma. Kwenye kitabu cha fildi nikaandika: "Kazi imekamilika."

Siku iliyofuata tulikwenda kujaribu kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Mzee kwenye usukani, mimi kushoto kwake nikiwa nimefunga mkanda wa zamani wa gari, uliofifia rangi, kwenye sehemu zake za kiwandani. Ndama akakatiza. Mzee akakwepa, gurudumu la mbele likaingia kwenye ukingo wa kalvati. Mwendo haukuzidi kilomita 40 kwa saa.

Mimi nilitoka na michubuko. Mzee, aliyefunga mkanda mpya wa mashindano, alivunjika mbavu mbili na kushonwa juu ya jicho. Bolti ya bega la kushoto ilikuwa imetoka na kipande cha sakafu. Na mgongo ulimuuma kwa wiki kadhaa, jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokaa chini na kalamu.

Hesabu ya magunia

Tuanze na fizikia ya kidato cha nne. Mtu wa kilo 75 yuko kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde. Tuseme gari na mkanda vinamsimamisha ndani ya nusu mita. Kasi kipeo cha pili, gawa kwa mara mbili ya umbali: unapata kama mita 123 kwa sekunde kipeo cha pili. Zidisha kwa kilo 75, unapata nguvu ya takriban nyutoni 9,260. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 944.

Kwa lugha ya nyumbani: magunia tisa na nusu ya mahindi, ya kilo mia mia, yananing'inia kwenye mkanda na bolti zake kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hadi 80, nguvu inaongezeka mara nne kwa umbali uleule wa kusimama. Yanakuwa magunia karibu 38. Sasa jiulize kama ungening'iniza hata magunia mawili kwenye bati lenye kutu na washa ya shilingi mia tano.

Kosa la kwanza: nilichofungia

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinataka kila sehemu ya kufungia iliyotengenezwa upya kwenye bodi iwe na bamba la chuma upande wa pili, lenye eneo lisilopungua sentimita mraba 40 na unene usiopungua milimita 3. Bamba la sentimita 6.5 kwa 6.5 linatosha. Washa yangu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 2.4, yaani eneo la kama sentimita mraba 4.5. Kwa hiyo nilikuwa nimeukusanya mzigo wote kwenye sehemu ndogo karibu mara tisa kuliko inavyotakiwa.

Na bamba peke yake halitibu kutu. Bamba linasambaza mzigo kwenye bati linalolizunguka. Bati hilo likiwa limeoza, linatoka lote pamoja na bamba. Kwanza kwangua rangi na lami ya chini, gonga, choma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, kata hadi upate chuma kizima, chomelea bati jipya, ndipo uweke bamba.

Kuna jambo la kwetu nililikumbuka hapa. Wafipa walikuwa wafua chuma maarufu, na mabaki ya malungu, zile tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, bado yapo uwandani. Chuma kilichotoka kwenye ilungu hakikuwa jembe. Kilikuwa bado na takataka ndani yake, na kilipaswa kuingia kwenye tanuri ndogo yenye mivukuto kisafishwe ndipo kifuliwe. Wazee wale hawakukiamini chuma kwa sababu tu kimetoka motoni. Mimi, na darasa la metali nililofaulu, niliamini rangi iliyopakwa juu ya kutu.

Bolti nayo isiwe ya geti. Magari mengi hutumia kwenye mikanda bolti ya inchi 7/16 yenye meno membamba, ya chuma kigumu. Ukilazimika kutumia ya milimita, tazama kichwani: iwe na alama 8.8 au zaidi. Isiyo na alama iache dukani.

Kosa la pili: pembe

Hili ndilo lililomuumiza mzee mgongo. Mkanda wa begani ukipita juu ya bega na kuteremka mkali hadi sakafuni, haumvuti mtu nyuma tu, unamkandamiza chini. Uti wa mgongo unabanwa kati ya bega na siti.

Hesabu yake ni rahisi. Mkanda ukiteremka kwa nyuzi 60 kutoka mlalo, kama nilivyofanya mimi, kila kilo 100 za mvuto zinagawanyika hivi: kilo 87 zinasukuma bega kwenda chini, na kilo 50 tu zinavuta nyuma. Kwa nyuzi 45, ni kilo 71 chini na 71 nyuma. Kwa nyuzi 10, ni kilo 17 tu chini, na 98 nyuma. Ndiyo maana kanuni za FIA zinasema pembe isizidi nyuzi 45 kutoka ukingo wa juu wa egemeo la siti, na zinashauri isizidi 10. Mkiitazama kutoka juu, mikanda miwili isitanuke wala kubanana kwa zaidi ya nyuzi 20 kutoka mstari wa katikati ya siti, isije ikateleza begani.

Kwenye kupe ndogo, sehemu nzuri mara nyingi haipo tayari. Wakati mwingine sehemu za kiwandani za mikanda ya siti ya nyuma zinafaa, kwa kuwa ziko mbali zaidi na pembe inalala. Pima kwanza kwa kamba na kipimapembe, mtu akiwa amekaa. Pasipofaa, inahitajika bomba la kukingama nyuma ya siti, lililo sehemu ya keji ya mabomba iliyofungwa kwenye bodi kwa usahihi. Usifungie kwenye siti yenyewe wala kwenye miguu yake. Kanuni zinakataza, na sababu iko wazi: siti ikichomoka inaondoka na wewe na mkanda wako.

Kosa la tatu: tumbo

Mkanda wa kiunoni haupaswi kukaa tumboni. Unapita chini, kwenye mkunjo kati ya mfupa wa nyonga na paja, ubane mfupa. Mfupa wa nyonga unaweza kubeba mzigo. Ini, bandama na utumbo haviwezi. Ncha zake ziteremke nyuma kwa pembe kali kiasi, si chini ya nyuzi 45, ili ziuvute chini na usipande.

Kwenye mkanda wa pointi nne kuna mtego. Ukikaza ya mabegani kwanza, kifungo kinapanda tumboni. Gari likigonga, mtu anateleza chini ya mkanda wa kiunoni, na mkanda unaingia kwenye nyama laini. Mikanda ya pointi tano na sita ina kamba inayopita katikati ya miguu kazi yake ikiwa ni hiyo: kukishikilia kifungo kisipande. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kaza kiuno kwanza, kwa nguvu, halafu mabega, kwa kiasi, halafu hakikisha kifungo bado kiko chini.

Na pale mkanda unapopita kwenye kile kibamba cha vijiti vitatu, ncha yake lazima irudishwe tena ndani kinyume na ibaki mkia wa kutosha, angalau sentimita 10. Usipoirudisha, mkanda unaweza kuteleza taratibu bila wewe kujua. Mimi hilo nililifanya sawa. Nalitaja ili msidhani nilikosea kila kitu.

Kosa kubwa kuliko yote

Makosa yale matatu yanatibika kwa bamba, kipimapembe na subira. Lakini baada ya mzee kutoka hospitali, fundi mkuu aliniuliza swali ambalo video yangu haikuwa nalo: "Hata kama ungefunga vizuri, ulifikiria hilo paa?"

Sikuwa nimefikiria. Gari la mashindano ni mfumo. Mkanda unamfunga mtu wima asiinuke, siti ya kipande kimoja inamshika mgongo na mbavu, keji ya mabomba inazuia paa lisishuke, na kofia ngumu inakinga kichwa. Ukitoa kimoja ukabakiza vingine, unaweza kutengeneza hatari mpya. Gari lisilo na keji likipinduka, paa linashuka, na mtu aliyefungwa wima kwa mikanda minne hana pa kuinamia. Siti ya Datsun ile, tena, ni ya kukunjika mbele ili abiria wa nyuma apite. Si siti ya kubeba mikanda ya begani. Na kwenye makutano, dereva aliyebanwa mabega yote mawili hawezi kugeuka vizuri kutazama bodaboda anayekuja ubavuni.

Fundi akasema, "Mashindano ni mashindano, barabara ni barabara." Ukweli wake una historia ndefu. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu tunaoudharau ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, ukaanza kuwekwa kwenye magari yao mwaka 1959, na kampuni ikaacha wazi hataza yake ili watengenezaji wengine wautumie. Kabla ya hapo Bohlin alikuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita. Alijua vizuri nguvu zinazoukuta mwili, na alichagua kitu ambacho mtu anaweza kukifunga kwa mkono mmoja. Moja ya magari ya kwanza kukipata ilikuwa Volvo PV544. Gari la aina hiyohiyo, tena la mkononi, ndilo ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, waliloshindia Safari ya mwaka 1965. Kumbe hata katika simulizi za mzee wetu, mkanda wa kawaida ulikuwamo tangu zamani.

Tulivyomaliza

Mzee alirudi gereji mwishoni mwa Agosti, akitembea taratibu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu pembe na mabamba. Nikaona hayo si ya kuanzia. Nikamwambia, "Mzee, ile siku niliigonga sakafu nikasikia imeoza. Nilikudanganya."

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuharakisha. Lakini wewe ndiye uliyesikia."

Tulikata sakafu pande zote mbili, tukachomelea bati jipya, tukapaka dawa ya kutu. Tukafunga mikanda ya pointi tatu inayojivuta yenyewe, mipya, kwenye sehemu za kiwandani. Hata ule wa zamani ulioniokoa tuliutoa: nyuzi za mkanda huchoshwa na jua na miaka, na mkanda uliowahi kubeba mtu kwenye ajali haupaswi kutumika tena. Mkanda mwekundu nao ulishabeba ajali, kwa hiyo fundi aliukata vipande viwili asije mtu akauokota na kuuza.

Kwenye kitabu cha fildi nilifuta "Kazi imekamilika" kwa mstari mmoja, ili maneno yabaki yakisomeka, nikaandika chini yake yaliyotokea. Msimamizi wangu wa chuo alisoma ukurasa ule mara mbili. Alama sikupata kubwa. Saini nilipata.

Ya kuondoka nayo

Kwa aliye na gari la zamani, au anayekwenda fildi gereji:

Gonga bati kabla ya kutoboa, na uamini sikio lako.
Tumia sehemu za kiwandani kila zinapofaa. Ukitengeneza mpya, weka bamba.
Pima pembe za mabega na za kiuno mtu akiwa amekaa, si siti ikiwa tupu.
Soma lebo ya mkanda wa mashindano: ina kiwango chake na mwaka wa mwisho wa matumizi. Isiyo na lebo usiinunue, hata iwe nyekundu namna gani.
Gari la barabarani lisilo na keji wala siti maalumu, liache na mkanda wa pointi tatu.

Kwa asiye na gari, yaani wengi wetu: tunapopanda basi la kwenda nyumbani likizo, vuta mkanda wa siti yako kabla halijaondoka. Uvute kwa nguvu. Tazama umefungwa wapi. Ukikuta unaning'inia, mwambie kondakta, na ukiambiwa "kaa tu, hakuna shida," omba siti nyingine. Utaonekana msumbufu kwa dakika mbili.

Mimi ningeonekana msumbufu kwa wiki moja tu, ile aliyoiomba fundi. Ndiyo maana bolti bado iko mezani.